Kupita Wadi Iliyozibwa na Mawe ya Mafuriko katika Milima ya Hajar, Oman: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mvua inaponyesha katika milima ya Hajar, simu yangu huanza kulia. Jamaa walioko Maskati wana wageni kutoka Unguja, wamewaahidi safari ya milimani siku ya Ijumaa, na sasa wamesikia kwamba njia imezibwa. Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa zaidi pamoja na majibu ninayoyatoa, baada ya miaka mingi ya kuendesha katika njia hizo na, mara kadhaa, ya kurudi nyumbani bila kufika nilikokuwa nakwenda.

Wadi ni nini hasa, na ni ipi inayozungumziwa hapa?

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi akiliona neno wadi hufikiria vitanda vya wagonjwa. Huku Oman, wadi ni bonde la mto ambao siku nyingi za mwaka hauna maji, na ambao mkondo wake wa kokoto ndio umekuwa barabara ya watu na wanyama tangu zamani. Kaskazini mwa Kenya mito ya namna hiyo huitwa lagha. Majibu haya yanahusu hasa Wadi Bani Awf, njia inayoanzia upande wa Rustaq, hupita katika korongo jembamba lenye kuta za mawe ya chokaa, huacha mchepuko wa kwenda kijiji cha Bilad Sayt, kisha hupanda hadi Sharfat al-Alamayn, penye kimo cha takriban mita 2,000, kabla ya kuteremka kwa lami kuelekea Al Hamra. Mengi yaliyomo yanafaa pia kwa Wadi Sahtan iliyo jirani yake, na kwa mabonde mengine ya Hajar.

Inakuwaje mvua ya saa moja tu izibe njia kwa mawe makubwa kuliko gari?

Maskati hupata wastani wa milimita 100 hivi za mvua kwa mwaka mzima, kiasi ambacho Unguja hukipita ndani ya mwezi mmoja wa masika. Tatizo la Hajar ni kwamba mvua hiyo chache huanguka kwa mkupuo juu ya mwamba mtupu. Hakuna udongo wa kutosha wa kuinywa wala msitu wa kuipunguza kasi, kwa hiyo karibu yote huteremka papo hapo, na vijito kumi vya mlimani humiminika katika korongo moja ambalo mahali pengine upana wake hautoshi magari mawili kupishana.

Kuhusu mawe yenyewe, yako mambo mawili ambayo macho hayawezi kuyaona. La kwanza ni kwamba jiwe likizama hupoteza sehemu kubwa ya uzito wake: meta moja ya ujazo ya jiwe la chokaa ina uzito wa tani mbili na nusu au zaidi kidogo, lakini ndani ya maji uzito unaobaki kukandamiza chini ni pungufu kwa tani moja nzima, na maji yaliyojaa tope na mchanga hulibeba zaidi ya hapo. La pili, ambalo ndilo kubwa, ni kasi. Kanuni ya zamani ya wahandisi wa mito inasema kwamba uzito wa jiwe ambalo mkondo unaweza kulisukuma huongezeka kwa kipeo cha sita cha kasi ya maji, maana yake kasi ikizidi mara mbili, mkondo unaweza kusukuma jiwe lenye uzito mara 64. Ndiyo maana korongo lililopitika kwa miaka mitano linaweza kufungwa alasiri moja.

Ni msimu gani ulio salama?

Kipindi kinachopendwa ni cha kuanzia Novemba hadi Machi, kwa sababu joto limepungua, lakini hicho pia ndicho kipindi ambacho mawingu ya mvua huingia kutoka kaskazini. Wakati wa kiangazi, alasiri, mawingu hujengeka juu ya vilele vya Hajar na kumwaga mvua ya radi ya mahali padogo. Wenyeji huiita rawaih. Vimbunga vya Bahari ya Arabuni huja zaidi mwezi Mei na Juni, kisha tena Oktoba na Novemba. Gonu kilipiga Juni 2007. Shaheen kiliingia nchi kavu katika pwani ya Batina tarehe 3 Oktoba 2021, na Al Khaburah ilipokea zaidi ya milimita 300 katika muda wa siku moja hivi, yaani mvua ya miaka mitatu ya Maskati. Kwa ufupi, msimu usio na hatari haupo. Tazama utabiri wa siku hiyo, na utabiri utakaoutazama uwe wa milimani, kwa sababu wa jiji hautakufaa.

Nitajuaje kwamba njia imezibwa kabla sijafika?

Simama kwenye kituo cha mafuta cha mwisho na uulize. Hakuna ramani ya simu inayomshinda mtu mwenye pikapu kuukuu iliyojaa majani ya mbuzi, ambaye ameteremka asubuhi hiyo kutoka kijijini. Usimuulize kama njia inapitika, kwa kuwa kwake yeye njia hupitika karibu siku zote. Muulize amepita lini, kwa gari gani, na kama alilazimika kushuka. Iwapo hukuona gari hata moja likiteremka kwa nusu saa nzima, hilo nalo ni jibu.

Ni gari gani linalofaa?

Gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, lenye gia nzito ya kwenda polepole kwa nguvu, na lenye kimo cha kutosha kati ya ardhi na sampo, lile bakuli la mafuta lililo chini ya injini. Land Cruiser na Patrol zimeenea kwa sababu vipuri vyake vipo kila mahali. Gari lenye umbo la jipu lakini lisilo na gia nzito litapanda Sharfat siku njema. Mbele ya mawe litaunguza klachi au gia boksi kwa sababu halina njia ya kwenda polepole kwa nguvu. Urefu wa gari nao una maana kuliko watu wanavyodhani: gari refu hugusa kwa tumbo pale ambapo gari fupi hupita, na katika kona za korongo haliwezi kukunja.

Nimefika, na mbele yangu kuna jiwe. Nianze na nini?

Zima injini, vuta breki ya mkono, shuka. Watu wengi hubaki garini wakijadiliana kupitia kioo cha mbele, na kupitia kioo cha mbele kila jiwe linaonekana kama lililoko kwenye filamu: unaliona lote isipokuwa upande wake wa pili. Tembea hadi nyuma ya kizuizi, kisha endelea kutembea mpaka uone kwamba njia imekuwa ya kawaida tena, hata kama ni mita 300. Zaidi ya mara moja nimeona watu wakitumia saa mbili kupita jiwe la kwanza, ili tu wakutane na la pili, kubwa kuliko la kwanza, nyuma ya kona, mahali ambapo haiwezekani tena kugeuza gari.

Ukiwa unatembea, soma kuta. Mstari wa tope uliokauka hukuonyesha maji yalifika wapi, na aghalabu huwa juu ya kichwa chako. Pale nilipokwama mara ya mwisho, kulikuwa na gogo la mtende lililobanwa chini ya jiwe lenye ukubwa wa jokofu, na bomba jeusi la maji ya shamba limejizungusha juu yake kama uzi kwenye kidole. Mstari wa tope ulikuwa mita tatu juu ya mahali niliposimama. Jambo la maana halikuwa jiwe, lilikuwa gogo. Jiwe lililokaa juu ya gogo, matawi au tope bichi halijatulia. Tairi likilipanda, linaweza kuviringika, na gari litakwenda nalo.

Mawe yaliyotulia yana dalili zake. Mafuriko huyapanga yakiegemeana kama vigae vya paa, nyuso zake bapa zikiinamia upande yanakotoka maji, na changarawe imejaza nafasi zilizo kati yake. Lisukume kila moja kwa mguu, kisha kwa mtaimbo. Linalocheza kwa mguu litacheza zaidi chini ya tani mbili na nusu za gari.

Tairi ziwe na upepo kiasi gani?

Kwa mawe, mimi hushusha kutoka kiwango cha lami, ambacho kwa magari mengi ni kati ya 32 na 36 kwenye geji ya psi, hadi kama 25. Tairi hulainika, hukumbatia jiwe badala ya kuruka juu yake, na abiria hupona migongo. Kushuka hadi 15 kama watu wafanyavyo kwenye mchanga wa Sharqiya ni kosa hapa, kwa sababu ubavu wa tairi hufutuka nje na jiwe lenye makali huupasua, na ubavu uliopasuka hauzibwi kwa kiraka. Chukua kompresa ya kujazia ukirudi kwenye lami, na tairi za akiba mbili ukiweza.

Tunajengaje ngazi ya mawe?

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ni kazi ya mikono zaidi kuliko ya usukani. Jiwe ambalo haliwezi kuzungukwa wala kuondolewa hupandwa, na ili lipandwe linahitaji ngazi upande wa kupandia na nyingine upande wa kushukia. Watu husahau hii ya pili, kisha gari hudondoka kutoka juu ya jiwe na kugonga difu, ile gia iliyo katikati ya ekseli, au kupinda bampa la nyuma.

Anza na mawe makubwa chini, yale yanayohitaji watu wawili kubeba, ukiyaweka upande wake bapa ukiangalia ardhi. Jaza mapengo kwa mawe ya ukubwa wa ngumi, kisha kokoto, ukigonga kila safu kwa kisigino. Mteremko uwe mrefu kuliko unavyotamani. Kama jiwe lina kimo cha nusu mita, ngazi yenye urefu wa mita moja na nusu itakuwa kali lakini itafaa, na ya mita moja itavunjwa na tairi la kwanza. Upana uwe mara mbili ya tairi, kwa sababu gari halitapanda mahali hasa ulipokusudia. Jengeni njia mbili, ya kulia na ya kushoto, na mzipime kwa kijiti chenye urefu sawa na nafasi iliyopo kati ya tairi zenu, maana macho hudanganya.

Vaeni glavu. Kabla ya kuingiza vidole chini ya jiwe lolote, ligeuzeni kwanza kwa mtaimbo, kwa kuwa nge hupenda mahali penye unyevu baada ya mvua, na nyoka pia wapo.

Nani aongoze, na vipi?

Mtu mmoja tu. Nimeona dereva akipokea maelekezo kutoka kwa mjomba wake, shemeji yake na mtoto wa miaka kumi kwa wakati mmoja, na matokeo yake yalikuwa kibao cha kupandia kilichokunjika kikaingia chini ya mlango. Mwongozaji asimame mbele, mahali ambapo dereva anamwona na ambapo gari likiteleza halitamfikia, kamwe asiwe kati ya gari na ukuta. Atumie mikono, kwa sababu mlio wa injini katika korongo humeza sauti. Abiria wote washuke na wasimame upande wa juu. Dereva atie gia nzito, gia ya kwanza, afunge loki ya difu kama anayo kabla ya kugusa jiwe, na asikanyage mafuta kwa ghafla. Tairi likizunguka bila kushika, aache mara moja. Kuendelea kukanyaga kunachimba ngazi mliyoijenga.

Je, winchi inaweza kuliondoa jiwe?

Mara nyingine, ikiwa jiwe limekaa juu ya changarawe na kuna mahali pa kulivutia. Lakini winchi ya gari dogo imetengenezwa kuvuta gari lenye magurudumu, na jiwe la tani tano lililojichimbia halina magurudumu. Mtaimbo mrefu, watu watatu na subira hugeuza mawe ambayo yamezishinda winchi. Mkitumia winchi, wekeni blanketi au mkeka mzito juu ya waya, kila mtu awe mbali kuliko urefu wa waya uliotolewa, na msivute kamwe kwa kuifunga kamba kwenye mpira wa chuma wa kuvutia trela, kwa sababu ukikatika huruka kama risasi.

Gari limekaa kwa tumbo juu ya jiwe na tairi zinaning'inia. Tufanye nini?

Msilitikise. Lifungeni kwanza ili lisiteleze, kisha inueni tairi moja kwa jeki iliyowekwa juu ya ubao mnene, jazeni mawe chini yake, shusheni, mhamie tairi la pili. Ni kazi ya saa nzima na haina njia ya mkato. Likishatoka, chungulieni sampo na mabomba ya breki kabla ya kusogea hata mita kumi. Mafuta ya injini yanayodondoka juu ya jiwe jeupe huonekana upesi, na hiyo ni mojawapo ya fadhila chache za mawe ya chokaa.

Kuna maji yanayopita katikati ya mawe. Ni kina gani kinavukika?

Maji yaliyotulia, masafi, yasiyofika katikati ya tairi, ambayo umeyapitia kwa miguu kwanza, yanavukika. Maji yanayokwenda kasi na yenye rangi ya chai ya maziwa hayavukiki, hata yakiwa ya goti. Sentimita 30 za maji yanayokimbia zinaweza kulielesha gari dogo, na sentimita 60 huchukua magari mengi, pikapu na majipu yakiwemo. Uzito wa gari haukulindi, kwa kuwa gari ni kopo lililojaa hewa. Katikati ya Aprili 2024, mafuriko ya Samad al-Shan na maeneo ya jirani yaliua watu wapatao 20, wanafunzi wakiwemo, na baadhi yao walikuwa ndani ya gari.

Kuvuka kwa makusudi wadi iliyoshuka, yaani ambayo maji ya mafuriko yanateremka ndani yake, ni kosa la jinai kwa sheria ya usalama barabarani ya Oman, na adhabu yake ni pamoja na faini na kifungo. Polisi wakiweka kizuizi barabarani, hakuna mjadala.

Dalili za wadi kushuka ni zipi, nikiwa tayari ndani ya korongo?

Mbingu juu yako zinaweza kuwa za buluu kabisa, kwa sababu mvua imenyesha kilomita 30 kutoka hapo. Kijito kilichokuwa safi kikianza kuwa na tope, au majani makavu na vijiti vikianza kuelea, muda ulionao unahesabiwa kwa dakika. Upepo wa baridi wenye harufu ya udongo hutangulia mara nyingine. Mngurumo, ambao wengi huudhania kuwa lori, ni mawe yanayogongana ndani ya maji, na ukiusikia umechelewa kufikiria gari. Acheni gari, acheni jeki, acheni vyakula. Pandeni ukutani hadi juu ya mstari wa tope wa zamani, na mkae huko mpaka maji yapungue kweli, maana wimbi la pili kutoka kijito kingine huja mara kwa mara. Nambari ya dharura ya Polisi wa Oman ni 9999, ila ndani ya korongo mtandao wa simu haupatikani mahali pengi, na ndiyo maana mtu wa nyumbani anapaswa kujua mnapita wapi na mnatarajiwa kutoka saa ngapi.

Ni wakati gani wa kugeuza na kurudi?

Kabla ya kuanza kujenga, jiwekeeni saa. Mimi hutumia saa tisa alasiri: kama gari halijavuka kizuizi kufikia wakati huo, tunageuza, hata kama imebaki safu moja ya mawe. Giza huingia mapema korongoni, na ngazi ya mawe inayopandwa kwa mwanga wa taa ina vivuli vinavyofanana na mashimo. Geuzeni pia ikiwa mnalo gari moja tu, ikiwa kuna wingu lolote juu ya vilele, au ikiwa kizuizi cha kwanza kimeshachukua nguvu za watu wote. Kumbukeni pia kwamba mtakachokishuka leo huenda mkalazimika kukipanda kesho. Wageni watanung'unika kidogo, kisha watakula biriani Rustaq na kusahau.

Nimekodi gari. Bima italipa?

Soma mkataba kabla ya kutia sahihi. Mikataba mingi ya magari ya kukodi huacha nje madhara ya chini ya gari, ya tairi na ya maji, na mengine hukataza kabisa njia zisizo na lami. Mpwa wangu alilipa sampo nzima kutoka mfukoni kwa sababu ya mstari mmoja wa maandishi madogo.

Tuwazingatie vipi wenyeji?

Msichukue mawe ya ngazi yenu kutoka kwenye ukuta wa shamba wala kwenye falaj. Falaj ni mfereji wa maji ya mgao unaolisha mitende na matuta ya kijiji, na mitano kati ya mifereji hiyo ya Oman, ukiwemo Falaj al-Muyassar wa Rustaq, iliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Baada ya mafuriko, kilichobaki cha ukuta wake huonekana kama rundo la mawe yaliyopangwa vizuri, na yatakufaa sana kwa ngazi. Yaache. Salimieni kwanza, ombeni ruhusa ya kupita karibu na nyumba, na msimwagie mtu vumbi.

Tukishavuka, tuibomoe ngazi tuliyoijenga?

Kwa kawaida ndiyo, angalau yale mawe ya juu, ili anayekuja nyuma asiamini kazi ambayo hakuiona ikijengwa na ambayo tayari imelegezwa na magari yenu. Isipokuwa mwenyeji akiomba ibaki. Mwaka fulani tulikuwa tumeanza kubomoa, akatokea mzee mmoja na pikapu yake, akashuka, akaikagua ngazi kwa fimbo, akahamisha mawe mawili, na kutuambia tuiache kwani ana majani ya kupandisha. Akapita bila kupunguza upepo wa tairi wala kumwomba mtu amwongoze. Mvua ya mwezi uliofuata iliifagia ngazi yote, na lile jiwe kubwa lenyewe nililikuta hatua arobaini chini zaidi, limeegemea ukuta, limeacha njia wazi.